Siku Tuliyomkimbiza Shangazi Kisiwani

Siku ya kuondoa matanga ya shangazi Spesioza, ndugu walitandaza vyombo vyake uani ili kila mtu achague cha kumkumbukia. Wakubwa walianza. Vitenge vikaenda, sufuria zikaenda, redio ikagombewa kidogo nayo ikaenda. Zamu yangu ilipofika nikaomba kidumu cha njano kilichokuwa kimesimama peke yake karibu na kinu. Watu wakacheka. Mke wa binamu yangu akaniuliza kama kwangu mjini hakuna vidumu. Nikamwambia vipo, ila havinuki kama hiki.

Nilikifungua kifuniko nikiwa bado pale uani. Miaka yote hiyo shangazi alikuwa akikitilia maji, mafuta ya taa, hata sabuni ya maji, lakini chini kabisa, nyuma ya harufu zote hizo, ile ya pombe ya ndizi ilikuwa bado imejificha. Nilivuta pumzi mara moja tu, nikawa tena mtoto wa shule juu ya keria ya baiskeli ya baba, nimemshika koti kwa mikono miwili, upepo wa ziwa unanipiga masikio.

Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile ya wakimbizi. Malori ya unga yakipita usiku na mchana, vumbi limelala juu ya migomba mpaka majani yakawa mekundu, na kuni zikawa haba hadi mama akawa anaficha zake chini ya kitanda. Sisi wa Nyamahanga tuliwaita wale waliokuja "wakimbizi" kwa sauti ya watu wenye nchi yao, ilhali baba mwenyewe alivuka mpaka akiwa mtoto, amebebwa mgongoni na baba yake mdogo, katika wimbi la zamani zaidi. Huo ndio ubinadamu. Ukishapata shamba la mihogo na jina kwenye daftari la kanisa, unasahau kwamba nawe uliingia kwa miguu.

Baba hakuwa ameisahau safari yake, ila hakuwa mtu wa kuisema. Tulijua tu kwamba mama yake alibaki kule, kwa sababu alikuwa amejifungua mtoto wa kike na hakuweza kukimbia. Basi. Ukiuliza zaidi anainuka kwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi wenyewe wamefungwa.

Kuna jambo jingine sina budi kulieleza, maana bila hilo siku ile haieleweki. Baba alikuwa na tabia ya kunitazama wakati wa kula, kisha anageuza uso haraka kama mtu aliyeungua. Hakuwafanyia hivyo wenzangu. Mimi nina paji pana la uso na pengo katikati ya meno ya juu, pengo ambalo kaka yangu Evarist aliliita "mlango wa zizi". Nikajumlisha mambo kwa akili ya mtoto, nikapata jibu langu: baba haupendi uso wangu. Iliniuma, lakini nilijifunza kula nikiwa nimeinama.

Habari za shangazi zililetwa na mwanamke aliyeuza dagaa kwenye gulio letu. Alimwambia mama kwamba kule kisiwani anakonunua mzigo, kati ya wanawake wanaoanika dagaa, yupo mjane mmoja aliyetoka kambini kwa wakimbizi, jina lake Spesioza, anayesema kwao ni kilima kilekile cha baba, na kwamba alikuwa na kaka aliyekimbia na baba mdogo kabla yeye hajajua kutambaa. Baba alisikiliza akiwa amesimama. Halafu akauliza, "Yuko huko bado?"

"Yuko mpaka giza liishe," akajibu yule mama. "Mwezi ukianza kuwaka dagaa hawavuliki, wavuvi wanahamia visiwa vya mbali, na wanawake wanawafuata. Ukikawia utakuta majivu."

Baba akaamua kwenda, naye akasema ananichukua mimi. Mama akashangaa. "Mchukue Evarist, ana miguu ya kusukuma."

"Nitamchukua Goreti," baba akasema. "Huyu ndiye atakayenifaa."

Lo! Nilivimba kichwa mimi. Nilimwambia Evarist nimechaguliwa kwa sababu nimeongoza kwenye hesabu na kwa sababu najua kutulia mbele ya wakubwa, na kwamba yeye abaki na mbuzi wenzake. Alinirushia ganda la muhogo, likanikosa.

Tuliondoka na mzigo mmoja tu, kidumu cha njano kilichojaa pombe ya ndizi. Mkono mtupu haulambwi, lakini kwetu pombe ni zaidi ya zawadi. Mtu akija kwako na pombe, ujue ana neno. Na neno halisemwi njiani, wala halisemwi kwa mtu asiyehusika. Mwenyeji anapokea, anaonja, anampa mgeni naye anaonja, ndipo koo linafunguka. Baba alikuwa na neno lililongoja karibu umri wake wote, na hakuwa tayari kuliharibu kwa kulimwagamwaga. Alivaa koti lake jeusi la Pasaka na kofia, akakifunga kidumu kwa mpira kwenye bomba la mbele, mimi akanipandisha nyuma kwenye keria. Nikajisemea, haya, huku nyuma hatalazimika kuniona. Lakini baiskeli ilipoanza kuteremka nikasahau huzuni yangu, nikaanza kuimba.

Tulilala kwa rafiki wa baba wa kanisani karibu na ziwa, na alfajiri tukawa mwaloni, mitumbwi inapofikia. Sikuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nilikuwa nimeaminishwa na Evarist kwamba kisiwa huelea kama ganda la ndizi ndani ya beseni, kwa hiyo tulipopakia baiskeli kwenye mtumbwi wa injini swali langu lilikuwa moja: je, kitatuhimili na baiskeli? Mwenye mtumbwi, mtu wa Kisukuma mwenye sauti ya ngoma, akaniambia kwa sura kavu kabisa kwamba kimefungwa kamba chini. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, jua likigusa kile kilima pale, mimi nageuza. Simsubiri askofu, simsubiri mkuu wa wilaya."

Tulipofika nilishuka kwa ncha za vidole. Nikaruka kidogo. Kisiwa hakikutikisika. Nikaruka kwa nguvu zote, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipaa sangara akacheka mpaka akaweka kisu chini. Jamani, kisiwa kile! Kila kitu kilikuwa kinang'aa. Dagaa walianikwa mchangani wakawa kama bati jipya la kanisa, makorongo wenye vipara wakitembea katikati yao kama wazee wa baraza, kenge akaota jua juu ya jiwe wala hana habari na mtu. Vibanda vilikuwa vya nyasi, vingine vimeezekwa kwa turubai za bluu tulizozijua kutoka kambini. Na kulikuwa na njia moja tu, imezunguka kisiwa chote ukingoni, kambi za wavuvi moja baada ya nyingine, katikati kuna kilima cha mawe na mashamba ya mihogo.

Kambi ya kwanza tulimkuta mwanamume anashona nyavu. Nikampa shikamoo, akaitikia, na baba akamjulia hali yake, ya watoto wake na ya ziwa lake. Ndipo akauliza. "Namtafuta mwanamke anaitwa Spesioza."

"Una shida gani naye?"

"Nina neno naye."

"Neno gani?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Yule bwana aliangalia koti, akaangalia kofia, akakiangalia kidumu kwa muda mrefu. "Mbele huko," akasema, "kambi ya kwenye mawe."

Tulipoondoka niligeuka nikamwona mwanamke amejifunga kitenge vizuri kiunoni, anakata katikati ya shamba la mihogo kuelekea kilimani, mbio. Nikadhani anamfukuza mbuzi. Nilimwonea huruma, maana kazi hiyo naijua.

Baba akakanyaga pedeli. Njia ilikuwa ya mchanga, halafu mawe, halafu mizizi, nami nikirushwa juu ya keria kama mahindi kwenye ungo. Nilipiga kelele za furaha. Pimbi walikimbilia kwenye mapango yao, furukombe akalia juu ya mti. Kambi ya kwenye mawe tulikuta moto unawaka, sufuria inachemka, na dagaa nusu wameanikwa, nusu bado wako kwenye karai. "Spesioza alikuwa hapa sasa hivi," akasema mama mmoja bila kumtazama baba usoni. "Labda kaenda kuchota maji." Ziwa lilikuwa limelala palepale nyuma ya kibanda chake.

Kambi iliyofuata, ametoka sasa hivi. Iliyofuata tena, ametoka sasa hivi, na ndala moja imebaki mlangoni. Kwangu mimi huo ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza. Kila tulipoikaribia kambi nilipiga makofi mgongoni kwa baba, "Yupo! Safari hii yupo!" Na kila mara baba alishuka, akavua kofia, akaanza upya na hali ya watoto na hali ya ziwa, polepole, bila kuruka hatua, kisha akasema ana neno. Leo ningemvuta sikio. Lakini ndivyo alivyolelewa, na mtu haachi adabu yake mlangoni eti kwa sababu ana haraka.

Kisha tukafika kwa bibi kizee aliyekaa juu ya ndoo. Huyo hakutaka hata salamu ndefu.

"Hapa hakuna mtu wa jina hiro," alisema. "Rudi urikotoka na baiskeri yako."

Baba alimshukuru. Tulikwenda mbele kidogo mnyororo ukachomoka, naye akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe ili aurudishe, lakini mnyororo ukawa unamponyoka. Akaketi chini. Koti la Pasaka lote mavumbi. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa kile kilima. Sikuwahi kumwona baba ameketi chini namna ile, na furaha yangu yote ikaniganda kifuani.

"Ananikimbia," alisema, kama vile hakuwa anasema nami. "Dada yangu wa tumbo moja ananikimbia. Na kesho kutwa watakuwa wamehama."

Nilitafuta la kumfariji. Kilichonijia kichwani ni kuku. Nyumbani, mgeni akija ghafla, mimi na Evarist ndio tulikuwa tunatumwa kumkamata kuku, na kuku wetu walikuwa na mtindo wao mmoja wa kuzunguka nyumba. Ukimfuata nyuma utazunguka mpaka mgeni aage aende zake.

"Baba," nikasema, "huyu ni kuku wa kuzunguka nyumba. Turudi tulikotoka. Atakuja mwenyewe."

Alinitazama. Safari hii hakugeuza uso. Halafu akacheka, kicheko kilichotoka chini kabisa, akaurudisha mnyororo kwa mkono mmoja, akaigeuza baiskeli.

Mungu wangu, tulivyokimbia! Upepo ulikuwa nyuma yetu. Yule bibi kizee tulimpita amesimama juu ya ndoo yake anapunga fimbo, kambi za "sasa hivi" tukazipita bila salamu, baba mwenyewe, mtu wa adabu, anapiga kengele krii krii krii kama kijana wa posta. Watu walitoka vibandani kutushangaa. Nilikuwa nimesimama juu ya keria, nimemshika mabega, napiga vigelegele. Tuliipita kambi ya kwenye mawe, na baada ya hapo kuna mteremko unaopinda kwenye mafunjo. Hapo ndipo baba alipokumbuka kwamba breki ya nyuma ilikufa tangu mavuno.

Mwanamke alitokea kwenye kona. Ana karai la dagaa kichwani, kifurushi mkononi, mguu mmoja una ndala na mwingine peku. Alikuwa anakuja upande wetu, lakini shingo ameigeuza nyuma, anaangalia tusije tukamfikia kutoka huko. Baba alipiga kelele. Usukani ukaingia mafunjoni na baba, baiskeli na kidumu chake. Mimi nikaruka peke yangu, nikaanguka chali mchangani, palepale miguuni pake.

Aliniinamia. Nikauona uso wake kinyumenyume, mbingu iko nyuma yake. Alifungua mdomo kunigombeza, nadhani, kisha mdomo ukabaki wazi. Karai likateleza, dagaa wakanimwagikia kifuani.

"Mawe," alisema, yaani "mama yangu" kwa Kirundi.

Nilimwamkia, maana sikujua la kufanya jingine. "Shikamoo." Hakuitikia. Alipiga magoti akanishika kidevu, akanipapasa paji la uso kwa kidole gumba, akanifungua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi, akaliona pengo. Ndipo akaanza kulia na kucheka vyote kwa pamoja, na mimi kwa hofu nikaanza kulia naye.

Baba alitoka mafunjoni hana kofia, matope yamemfika magotini. Na mnadhani alifanya nini? Alikinyanyua kidumu, akakifuta kwa mkono wa koti, akampelekea kwa mikono miwili.

"Sema kwanza wewe ni nani!" shangazi akapiga kelele.

"Onja kwanza."

"Sema!"

"Onja."

Akaonja. Akampa, baba naye akaonja. Kisha baba akajikohoza, akalitoa neno lake. "Mimi ni yule aliyebebwa mgongoni. Nimekuja kumwona dada yangu."

"Nimeshajua," shangazi alisema. "Uso huu nimeuosha kwa mikono yangu siku ya kumzika."

Hivyo ndivyo baba alivyopata habari ya kifo cha mama yake. Alitikisa kichwa taratibu mara nyingi. Waliketi chini wakashikana mikono, nami nikiwa katikati nanuka dagaa. Kisha baba akauliza swali lililokuwa linamkaba tangu asubuhi. "Kwa nini ulinikimbia?"

Shangazi alimpiga kofi la bega. "Mwanamume wa koti jeusi! Ana kidumu cha pombe, anamwulizia mjane kwa jina, hasemi anataka nini! Wenzangu wakaniwahishia habari kwa kukata kilimani. Nikajua shemeji amenifuata kutoka kambini aje anirithi. Na huyo shemeji, kaka yangu, ungemwona ungekimbia hata wewe."

"Neno halisemwi njiani," baba akajitetea.

"Ungeniacha nizunguke mpaka nife na adabu zako!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye alinivuta magotini pake, akamwuliza baba ilikuwaje akanileta mtoto mdogo hivi safari ndefu. Nilikaa sawa, nikingoja asikie habari za hesabu.

"Nilijua hatanijua," baba alisema. "Wala mimi nisingemjua. Picha ya mama sina hata moja. Nikamleta huyu."

Niligusa pengo langu kwa ulimi. Niliona aibu, niliona fahari, na nilikuwa na njaa, vyote kwa wakati mmoja.

Jua lilikuwa linakaribia kilima, tukakimbia wote kuelekea mtumbwini, shangazi akisukuma baiskeli nyuma na ndala yake moja. Hakuja nasi siku ile, kwani mzigo wa dagaa haukuwa wake peke yake. Kidumu alibaki nacho. Chombo cha mgeni hakirudishwi kitupu, alisema, nitakileta mwenyewe. Na kweli, mavuno ya mtama hayajaisha tukamwona anapandisha njia ya kwetu, kidumu kichwani kimejaa mafuta ya samaki, akajenga nyuma ya migomba yetu, akakaa hapo mpaka tulipomzika.

Lakini bado nipo kwenye ile safari. Asubuhi ya pili, kwenye nyumba ya rafiki wa baba, baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyepesi, haina mzigo. Nikaenda nyuma kupanda keria kama nilivyozoea. Baba akapiga bomba la mbele kwa kiganja, pale palipokuwa pamefungwa kidumu.

"Kaa hapa."

"Kwa nini, baba?"

"Nikuone."

Nikapanda mbele. Nikacheka na pengo langu lote nje, mlima kwa mteremko, mpaka Nyamahanga, nikimeza wadudu.